Mwalimu Nyerere na Afya ya Watu Wazima

Jina la Julius Kambarage Nyerere unalijua. Umeliona kwenye shule na kwenye barabara. Sura yake umeiona kwenye noti ya shilingi elfu moja. Unajua pia kwamba alikuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Katika kurasa hizi hatutasimulia maisha yake yote. Tutasimulia zaidi jambo moja. Mwalimu aliwataka watu wazima, hata wenye mvi, wajifunze kujikinga na maradhi, tena wajifunze kwa pamoja. Jambo hilo liliingia katika nyumba nyingi za Kilimanjaro. Huenda liliingia pia katika nyumba ya baba yako au bibi yako, hapa Kirua Vunjo.

Mtoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1922. Kijiji chake ni Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mtemi ni kama mangi wa Uchagani. Mama yake aliitwa Mgaya, naye alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Mtoto Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wengine.

Alianza shule akiwa na miaka 12. Ilikuwa mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Leo mtoto wa miaka 12 anakaribia kumaliza shule ya msingi. Kama wewe ulichelewa kujua kusoma, ukumbuke kwamba naye alichelewa kuanza.

Baada ya hapo hakusimama. Mwaka 1937 alikwenda shule ya Tabora. Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Akafundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952. Akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa Rais wake. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi ya ualimu, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa.

Maadui watatu

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata, Januari 1962, alijiuzulu! Watu wengi walishangaa. Alitaka muda wa kuzunguka nchini, akae na wananchi na kukijenga chama. Aliwaambia watu kwamba wakoloni wameondoka, lakini maadui watatu wamebaki. Maadui hao ni ujinga, umaskini na maradhi. Siku hizo wananchi walijitolea kwa mikono yao. Walilima barabara, walichimba visima, walijenga madarasa na zahanati. Desemba 1962 akawa Rais.

Hali ya maradhi ilikuwa mbaya. Wakati wa Uhuru vituo vya afya vijijini vilikuwa 22 tu katika nchi nzima. Hospitali nyingi zilikuwa za misheni, nazo hazikuwa kila mahali. Sisi wa Kilimanjaro tulikuwa na nafuu. Misheni zilifika hapa tangu miaka ya 1880, zikaleta shule na dawa. Jirani zenu wa Kilema walipata misheni mapema sana. Lakini hata hapa mgonjwa alibebwa kwa machela, akateremshwa kwenye njia za utelezi katikati ya migomba. Mara nyingine alifika akiwa amechelewa.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ungekuwa wewe kiongozi wa nchi hiyo maskini, ungeanza na nani? Wengi wangesema tuanze na watoto, maana ndio taifa la kesho. Mwalimu alijibu kwa namna nyingine. Mwaka 1964, alipoeleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alisema kwamba watu wazima ndio wa kuelimishwa kwanza. Sababu yake ilikuwa rahisi. Mtoto anayeingia darasa la kwanza atachukua miaka kumi au ishirini kabla elimu yake haijabadilisha kijiji. Lakini baba akijua leo kwamba maji machafu yanaleta kuhara, anaweza kuyachemsha leo jioni. Mama akijua, nyumba nzima imejua. Na mzee akikubali, ukoo unamfuata.

Jibu hilo lilikuwa gumu kupokelewa. Wazee wengi waliona aibu kukaa kwenye dawati na kushika kalamu. Wengine walifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba, wajukuu wao hasa. Hebu fikiri mjukuu anamsahihisha babu yake! Hapa kwetu mzee ndiye anayesema, na kijana ndiye anayesikiliza. Darasa la watu wazima liligeuza desturi hiyo kwa saa moja au mbili, kisha kila mtu akarudi mahali pake.

Usiku wa mwisho wa mwaka 1969 Mwalimu alizungumza na taifa kwa redio. Alitangaza kwamba mwaka 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka mmoja baadaye alizungumza tena. Alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Nazo ni Mafia, Ukerewe, Masasi, Tanga, Pare na Kilimanjaro. Ndiyo, Kilimanjaro ilikuwamo.

Madarasa yalifunguliwa shuleni, makanisani, misikitini na chini ya miti. Walimu wa kujitolea walipewa shilingi 30 kwa mwezi kuwa ahsante. Vitabu vilihusu kazi za watu. Palikuwa na vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji na vya maarifa ya nyumbani. Mwaka 1967 watu wazima waliojua kusoma walikuwa karibu 33 katika kila 100. Mwaka 1975 walikuwa 61. Mwaka 1986 serikali ilihesabu 90.

Mtu ni Afya

Mwaka 1973 ilikuja kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 51. Kampeni ilidumu wiki 12. Tuieleze vizuri, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote, na kwa sababu ilihusu mwili wako.

Hakuna ofisi moja iliyoweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitayarisha vitabu na mpango. Wizara ya Afya ilitoa maarifa ya maradhi. Redio Tanzania ilitangaza vipindi. TANU ilitumia mabalozi wa nyumba kumi kumi kuwakusanya watu. Sweden ilisaidia gharama. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Watu walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Wakati huo Tanzania nzima haikuwa na watu milioni kumi na tano.

Kikundi kilifanya kazi hivi. Watu kumi au kumi na tano hukutana mara moja kwa wiki. Wanasikiliza kipindi cha redio. Kisha mmoja anayejua kusoma anasoma kitabu kwa sauti, na wengine wanasikiliza. Mahali ambapo redio haikuwepo au betri zimekwisha, kitabu kilitosha. Baada ya kusoma huja mazungumzo. Je, maradhi haya yapo kwetu? Yanatokana na nini? Tufanye nini wiki hii? Jambo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Kikundi hakikuruhusiwa kuishia kwenye maneno. Kilitakiwa kukubaliana kazi na kuifanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kusafisha kisima, kuchimba choo.

Maradhi yaliyosomwa yalikuwa malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Yatazame kwa macho ya mtu wa Kirua Vunjo. Kijiji chako kiko kwenye mteremko, kati ya Old Moshi na Kilema. Huko juu kwenye kihamba kuna baridi na mbu ni wachache. Lakini una shamba la mahindi na maharage kule chini, kwenye joto. Unateremka kulima, unalala huko, unapanda mlima ukiwa umebeba homa. Kwa hiyo malaria ni yako pia. Au tazama mfongo. Maji yanatoka juu mlimani yakiwa safi, yanapita kihamba hadi kihamba. Kila nyumba inachota, inaosha na kunywesha ng'ombe. Mtu wa chini anakunywa yale yaliyopita kwa watu wote wa juu. Hapo hata ukiwa msafi namna gani nyumbani kwako, afya yako iko mikononi mwa jirani wa juu. Na afya ya jirani wa chini iko mikononi mwako. Watu wa mlimani walijua siku nyingi kugawana zamu za mfongo, na kuutengeneza kwa msaragambo. Mtu ni Afya iliwataka waongeze jambo moja tu katika desturi hiyo, nalo ni kulinda maji yasichafuliwe.

Choo kilileta ubishi zaidi. Katika makabila mengi ya nchi yetu baba mkwe na mkaza mwana hawawezi kutumia choo kimoja. Mwingine aliona haya kuonekana tu akielekea chooni. Bwana Afya angeweza kutoza faini, na zamani za wakoloni faini zilitozwa. Watu walichimba choo cha kumwonyesha Bwana Afya, kisha wakaendelea kwenda migombani. Katika kikundi mambo yalikuwa tofauti. Wazee wenyewe walikaa wakazungumza. Walitafuta njia, kama vile kujenga vyoo viwili, au kugeuza mlango usitazame uani. Vyoo vingi sana vilichimbwa mwaka ule, tena na watu waliojua kwa nini wanachimba.

Pale ambapo hapakuwa na hiari

Sasa yakubidi uyasikie na mengine, maana maisha ya mtu yana pande mbili. Mwalimu hakuwa na subira siku zote. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja katika vijiji watapata maji, shule na zahanati kwa urahisi. Hilo ni kweli. Lakini kuanzia mwaka 1973 na 1974 watu wengi katika nchi walihamishwa kwa nguvu. Nyumba za wengine zilibomolewa au kuchomwa, na mazao yakabaki mashambani. Wazee waliumia zaidi, kwa sababu mzee hawezi kujenga upya kwa haraka. Huku kwetu vihamba vilikuwa tayari vimebanana, kwa hiyo watu wengi hawakuhamishwa. Vijiji viliandikishwa vilivyo.

Kilimanjaro iliguswa kwa njia nyingine. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU, chama cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka 1933, kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Fedha za kahawa ndizo zilizojenga shule nyingi za mlimani na kulipa karo na dawa. Chama hicho kilirudi mwaka 1984. Mimi naona jambo moja hapa. Mwalimu yuleyule aliyewaamini wazee wajadiliane juu ya choo hakuwaamini wakulima wasimamie kahawa yao. Baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Huduma za afya ziliendelea kupanuka. Mwaka 1975 alimteua Daktari Leader Stirling kuwa Waziri wa Afya. Daktari huyo alizaliwa Uingereza, akaja nchini mwaka 1935, akawa Mtanzania. Katika miaka ya 1960 alitibu watu hapa Kilimanjaro, katika hospitali ya Kibosho. Vituo vya afya vijijini, vile 22 vya wakati wa Uhuru, vilizidi 200 kufikia mwaka 1980. Lakini shida nazo zilikuja. Kipindupindu kiliingia kwa nguvu mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha. Dawa zilikosekana, mafuta ya taa yakaadimika, karatasi za vitabu pia. Madarasa mengi ya jioni yalizimika pamoja na taa zake.

Wanafunzi wamezeeka

Je, juhudi zile zilipotea? Tazama hesabu. Sensa ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa angeweza kutazamia kuishi miaka 44. Sensa ya 1988 ilionyesha miaka 50. Sensa ya 2012 ilionyesha miaka 61. Sababu ni nyingi, kama chanjo, maji, vyakula na dawa, na elimu ni moja kati yake. Mtu aliyekaa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya akiwa na miaka 30, leo amepita miaka 80. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ambayo wazee wake ni wengi kuliko mingine, ukilinganisha na idadi ya watu. Vijana wengi wamekwenda mijini. Kihambani wamebaki babu na bibi, mara nyingi na wajukuu.

Wazee hao wana adui mwingine. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu waliwapima watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, hapa hapa Kilimanjaro. Karibu watu 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, yaani presha ya kupanda. Wengi wao walikuwa hawajui! Safura ilimchosha mtu akajua anaumwa. Kuhara damu kulionekana. Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma. Kisha siku moja inaleta kiharusi, mkono na mguu vinalegea, mdomo unapinda. Au inaharibu moyo na figo. Huwezi kuijua kwa kujitazama. Inajulikana kwa kupimwa tu, na kipimo hakiumi. Dawa zake humezwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi ipunguzwe katika chakula, hata katika mtori. Kutembea kunasaidia, na mtu wa mlimani hana haja ya kufundishwa kutembea. Atembee tu, asikae.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Lakini zahanati haiwezi kumjua bibi anayekaa peke yake mwisho wa njia. Anayemjua ni jirani yake, au mzee wa kanisa, au mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wakikubaliana siku moja, muuguzi akaletwa na kipimo pale watu wanapokutana, watu wengi watapimwa asubuhi moja. Ni njia ileile ya wiki zile 12. Wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kuusoma kwa sauti, na wenzako wasioona vizuri wakasikiliza.

Uzee wa Mwalimu

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Mwaka 1990 aliacha uenyekiti wa chama. Akarudi Butiama kulima. Alicheza bao na wazee wenzake, na watu husema hakupenda kushindwa. Alipenda vitabu. Miaka ya nyuma, akiwa Rais, alikuwa amefasiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, na kuziita Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Hakukaa kimya. Tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa vita vya Burundi, na mikutano mingi ilifanyika Arusha. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, lakini alisafiri na kukaa vikaoni kwa saa nyingi. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeanza mwilini mwake. Ulikuwa saratani ya damu. Huo haukuwa ugonjwa wa kuzuiwa kwa choo wala kwa maji ya kuchemsha. Mwaka 1999 alipelekwa London kwa matibabu, akalazwa katika hospitali ya St. Thomas'. Alifariki huko tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na umri wa miaka 77.

Mwili wake ulirudishwa nyumbani. Watu walijipanga barabarani Dar es Salaam, wengine wakilia kwa sauti, wazee kwa vijana. Alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kaburi lake liko karibu na makaburi ya baba yake na mama yake, na wageni huenda kuliona mpaka leo.